Uchache wa Sauti na Uzito wa Neno: Uhakiki wa Uimbaji wa Muziki Mtakatifu wa Baroko kwa Kiswahili, kwa Kuzingatia Kwaya za Fizi na Baraka

1. Utangulizi

Katika uhakiki wa sanaa za Kiswahili, ushairi, riwaya na tamthilia zimepewa nafasi pana, na hata nyimbo za taarabu na za dansi zimechunguzwa kwa makini. Wimbo wa kwaya, ambao huwafikia watu wengi kila Jumapili, umeachiwa zaidi wachungaji na walimu wa kwaya. Upungufu huo una madhara yake. Pale ambapo hakuna uhakiki, kipimo cha haraka hushika mahali pa kipimo cha haki, na kipimo cha haraka kuliko vyote ni wingi. Kwaya ya watu themanini huhesabiwa kuwa imekamilika. Kwaya ya watu kumi na wawili huonewa huruma.

Makala haya yanakichunguza kipimo hicho kwa kutazama utanzu mmoja, yaani muziki mtakatifu wa Baroko, ule uliotungwa Ulaya kati ya takriban mwaka 1600 na 1750. Muziki huo si mgeni kwa wasemaji wa Kiswahili. Haleluya ya George Frideric Handel, iliyomo katika utungo wake mrefu uitwao Messiah, huimbwa kwa Kiswahili na kwaya nyingi za Kenya na Tanzania, nayo imekuwa kama mtihani wa kwaya kujipatia sifa. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba kikundi kidogo chenye vyombo vichache si kivuli cha kwaya kubwa. Kwa upande wa historia, sehemu kubwa ya muziki huo ilitungwa kwa ajili ya kikundi cha namna hiyo. Na kwa upande wa lugha, Kiswahili husikika vizuri zaidi ndani yake. Kwaya za Fizi na Baraka, katika Kivu ya Kusini, zimechaguliwa kuwa mfano kwa sababu huko uchache haukuchaguliwa na mtu: uliletwa na vita.

2. Chanzo cha kipimo cha wingi

Wapo wanaodhani kwamba Haleluya ilitungwa kwa ajili ya umati. Historia inasema vingine. Messiah iliimbwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini Dublin tarehe 13 Aprili 1742, na waimbaji, wengi wao wakiwa wametoka katika makanisa makuu mawili ya mji huo, walikuwa takriban thelathini na wawili. Hesabu za malipo za mwaka 1754, zilizohifadhiwa kutoka Foundling Hospital ya London, zinaonyesha waimbaji takriban ishirini pamoja na wapigaji wa vyombo wapatao arobaini. Umati ulikuja baadaye, Handel akiwa amekwisha kufa. Mwaka 1784, katika sherehe za kumkumbuka zilizofanyika Westminster Abbey, walikusanywa waimbaji na wapigaji zaidi ya mia tano. Katika karne ya kumi na tisa sherehe za Crystal Palace zilifikia maelfu. Hiyo ndiyo mila ambayo Waingereza walikuwa nayo majumbani na makanisani mwao katika enzi ileile walipokuwa wakituma wamisionari Afrika ya Mashariki. Kwa hiyo kinachoitwa desturi ya Handel ni desturi ya wajukuu wa wasikilizaji wake.

Habari za Johann Sebastian Bach zinafanana na hizo. Katika waraka alioupelekea uongozi wa mji wa Leipzig mnamo Agosti 1730, Bach alieleza kwamba kila kwaya yahitaji angalau waimbaji kumi na wawili, na kwamba kumi na sita wangefaa zaidi. Hayo yalikuwa madai ya mtu anayelalamika kwamba hapewi watu wa kutosha. Hata hivyo upeo wa madai yake haufiki nusu ya kwaya ambayo leo ingeitwa ya wastani. Mwaka 1981 mtaalamu wa Marekani, Joshua Rifkin, alikwenda mbali zaidi. Alidai kwamba kwa kawaida kila sauti katika kazi za Bach iliimbwa na mtu mmoja tu. Andrew Parrott aliitetea rai hiyo kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 2000, na wengine, akiwamo Ton Koopman, wameipinga vikali. Ugomvi huo haujakwisha. Lakini pande zote mbili zinakubaliana juu ya jambo moja linalotosha kwa hoja ya makala haya: hakuna anayetetea kwaya ya mamia.

3. Schütz na uchache uliozaliwa na vita

Mfano ulio karibu zaidi na hali ya Fizi si Handel wala Bach. Ni Heinrich Schütz (1585–1672), aliyekuwa mkuu wa muziki katika jumba la mtawala wa Saxony mjini Dresden. Mwaka 1619 Schütz alichapisha zaburi zake kubwa, ambazo ndani yake kwaya kadhaa hujibizana pamoja na vyombo vingi. Wakati huo Vita vya Miaka Thelathini vilikuwa vimekwisha anza, mwaka 1618, ingawa moto wake ulikuwa haujaifikia Dresden. Ulipofika, fedha zilikauka na waimbaji wakatawanyika. Mwaka 1636 na tena mwaka 1639 Schütz alitoa mikusanyo miwili ya tungo ndogo za kidini: sauti moja hadi tano, zikisindikizwa na kinanda na chombo cha besi, basi. Katika utangulizi wake hakuficha sababu. Alisema waziwazi kwamba vita ndivyo vilivyoiporomosha sanaa ya muziki katika nchi yake.

Mambo mawili yanapaswa kuzingatiwa. La kwanza ni kwamba tungo hizo hazisikiki kama mabaki. Schütz hakuchukua kazi ya watu hamsini akaipunguza ili iwatoshe watu watatu. Alibadili namna ya kutunga. Kwa kuwa hakuwa na wingi wa sauti wa kuushangaza moyo wa msikilizaji, alilitegemea neno. Sentensi ya Maandiko huanza kama usemi wa mtu, hupanda pale maana inapopanda, hukatika pale msemaji anaposhindwa kuendelea. La pili ni kwamba Schütz hakuusifu uhaba. Vita vilipokwisha mwaka 1648 alirudia vikundi vikubwa, kama unavyoshuhudia mkusanyo wake wa mwaka 1650. Mhakiki, basi, asigeuze dhiki kuwa fadhila. Kinachosifiwa ni kazi iliyofanywa ndani ya dhiki, pamoja na ujuzi uliopatikana humo; dhiki yenyewe haina sifa.

4. Fizi na Baraka

Wilaya ya Fizi iko ukingoni mwa magharibi wa Ziwa Tanganyika, na Baraka ndio mji wake mkubwa ulio pwani. Wenyeji wengi ni Wabembe. Kiswahili ndiyo lugha ya soko, ya mahubiri na ya kwaya, huku Kibembe kikibaki lugha ya nyumbani. Historia ya karibuni ya mahali hapo haiwezi kutenganishwa na vita. Wakati wa uasi wa Simba, tarehe 28 Novemba 1964, wamisionari Luigi Carrara na Vittorio Faccin waliuawa Baraka, na siku hiyohiyo Giovanni Didoné pamoja na padre Albert Joubert wakauawa Fizi. Wote wanne walitangazwa wenye heri mjini Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Vita vya mwaka 1996 na vile vilivyoanza mwaka 1998 viliwavusha ziwa maelfu ya watu. Wengi waliishia katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996. Watoto walizaliwa na kukulia huko.

Kwaya ilifuata njia hiyohiyo ya wenye kwaya. Sauti ya tatu ilibaki upande mmoja wa maji na sauti ya nne upande mwingine. Mwenye gitaa alikimbia bila gitaa. Waliorudi walikuta wengine hawarudi. Katika hali kama hiyo, kwaya ya watu kumi au kumi na watano ni hesabu ya waliosalia. Kumwambia mwalimu wa kwaya hiyo kwamba muziki wa Baroko si wake mpaka apate watu themanini ni kumwambia jambo ambalo Schütz mwenyewe angelikataa.

Badala ya kutungia watu waliopo, kwaya ndogo mara nyingi huvutwa kujaza pengo kwa umeme. Kinanda cha umeme huwashwa sauti za violini na tarumbeta, vipaza sauti hufunguliwa hadi mwisho, na waimbaji kumi na wawili huimba kwa nguvu za watu sitini. Matokeo ni kelele ya wingi bila wingi wenyewe. Msikilizaji hupokea ukubwa na kukosa maneno.

5. Neno ndani ya noti

Hapa ndipo isimu inapokuwa na la kusema. Katika Kiswahili, tofauti na Kibembe na lugha nyingi za Kibantu, toni haibainishi maana za maneno. Mkazo umewekwa karibu daima katika silabi ya pili kutoka mwisho. Muziki wa Baroko, nao, una mapigo mazito na mapigo mepesi yanayotambulika wazi. Kuimba Baroko kwa Kiswahili ni kuoanisha mifumo hiyo miwili ya uzito.

Wakati mwingine muafaka hupatikana bila jasho. Neno haleluya lina mkazo kwenye silabi lu. Handel ameliweka neno hilo kwa namna kuu mbili. Katika namna ndefu silabi ya kwanza hupewa noti ndefu kwenye pigo la kwanza, lakini lu huangukia pigo la tatu, ambalo nalo ni zito. Katika namna fupi silabi mbili za mwanzo hupita mbio, na lu hutua juu ya pigo. Mwimbaji wa Kiswahili hana la kurekebisha. Vivyo hivyo neno milele: lina silabi tatu na mkazo katikati, sawasawa na usemi wa Kiingereza ambao Handel aliutungia muziki.

Kwingineko hali ni ngumu. Neno la Kiingereza lenye maana ya mfalme lina silabi moja. La Kiswahili lina tatu, na ya kwanza ni m peke yake, silabi isiyo na irabu. Kitenzi atatawala kina silabi tano, mkazo ukiwa kwenye wa, na baada yake inabaki la isiyo na mkazo. Handel alikuwa na maneno manne ya silabi moja moja, uzito ukiwa mwishoni kabisa. Mfasiri hana budi kuigawa noti ya mwisho ili la ipate mahali pa kukaa, au kuanza mapema zaidi ili mkazo usihame. Asipofanya hivyo, noti nzito huangukia kiambishi cha wakati, na msikilizaji husisitiziwa wakati ujao kabla hajaambiwa ni tendo gani litakalotendeka.

Kosa la namna hiyo kwaya kubwa hulificha, na kikundi kidogo hulifichua. Watu themanini wakiimba m ya mwanzo wa mfalme, kila mmoja huifunga midomo kwa wakati wake, na silabi hupotea kama vumbi. Watu watatu wanaweza kuifunga pamoja. Katika sehemu ya Haleluya ambapo besi huanza na kufuatwa na tena, kisha alto, kisha soprano, kila sauti huingia na maneno yaleyale wakati nyingine zikiendelea. Kikundi kikiwa kidogo, sikio huweza kufuata neno likihama kutoka kinywa hadi kinywa. Kikiwa kikubwa, hubaki mngurumo mtukufu usio na sentensi.

Kuna jambo jingine linalogusa Kongo ya Mashariki kipekee. Wasemaji wengi wa Kiswahili huko hutamka mu mahali ambapo Kiswahili sanifu kina m: mutu, mutoto, mufalme. Mwamuzi wa mashindano aliyefunzwa usanifu huweza kuliona jambo hilo kuwa dosari ya matamshi. Katika wimbo, hukumu hiyo yapaswa kufikiriwa upya. Idadi ya silabi haibadiliki, mkazo hauhami, na mwimbaji hupata irabu ya kubebea noti. Konsonanti iliyofungwa midomo haiwezi kupanda na kushuka kwa uhuru ambao irabu inao. Pale ambapo mtunzi ameiwekea silabi ya kwanza noti ndefu, mufalme huimbika vema kuliko mfalme. Lahaja, ambayo shuleni huhesabiwa kuwa kasoro, hapa inatoa suluhisho ambalo lugha sanifu haina.

6. Vyombo

Neno vyombo vya zama hutumika kwa violini zenye nyuzi za utumbo wa kondoo, vinanda vidogo vya filimbi, na vinginevyo vilivyojengwa kwa kufuata mifano ya karne ya kumi na saba na kumi na nane. Vikundi vinavyovitumia kwa kawaida hushusha sauti ya la hadi mitetemo 415 kwa sekunde badala ya 440 ya leo, yaani karibu nusu toni. Vyombo hivyo ni ghali, na hakuna haja ya kumwambia mwalimu wa kwaya wa Baraka avitafute. Linalohitajika ni kuelewa vilikuwa vikifanya kazi gani.

Kazi kuu iliitwa kontinuo. Mpigaji mmoja hushika mstari wa besi. Mwingine, akiwa na chombo chenye uwezo wa kupiga noti nyingi kwa pamoja, hujaza juu yake mwafaka wa sauti kwa kusoma tarakimu chache au kwa sikio lake, akiwafuata waimbaji wanapovuta pumzi. Hakuandikiwa kila noti. Chombo hicho cha pili kilikuwa kinanda, na mara nyingi katika karne ya kumi na saba kilikuwa chombo cha nyuzi za kudonolewa, gitaa likiwamo. Mwanamuziki wa Kongo hahitaji kufafanuliwa sana jambo hili. Gitaa la besi linaloshika njia na gitaa la pili linalojaza mwafaka, yote mawili yakimsikiliza mwimbaji, ni kazi anayoijua. Kwa hiyo kikundi cha sauti nane, gitaa moja lisilo la umeme na besi moja iliyopunguzwa sauti kiko karibu na desturi ya Schütz kuliko kinanda cha umeme kinachojifanya okestra. Kwaya isiyo na chombo chochote, nayo, ina uhuru wa kuchagua kimo cha sauti kinachoifaa, bila kulazimishwa na 440.

7. Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni kwamba Kongo imekwisha kuthibitisha uwezo wake kwa njia ya wingi. Okestra ya Kikimbangu ya Kinshasa, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, ilijulikana duniani kwa filamu ya mwaka 2010, na wapigaji pamoja na waimbaji wake wanafikia mamia. Sifa hiyo ni ya haki. Lakini Kinshasa ni jiji la mamilioni, na kazi kama simfoni ya tisa ya Beethoven, ambayo okestra hiyo imeipiga, ni ya karne nyingine na inahitaji wingi huo. Haifuati kwamba kila muziki wa Ulaya unapimwa kwa mizani hiyo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwa nini kwaya ya Fizi iimbe Baroko hata kidogo, ilhali ina tungo zake? Missa Luba, iliyotokea Kamina mwaka 1958 chini ya uongozi wa padre Guido Haazen, ilionyesha njia nyingine: maneno ya Kilatini yalibaki, muziki ukawa wa Kiluba na wa majirani zake. Makala haya hayapendekezi kwamba Baroko ichukue nafasi ya utunzi wa wenyeji. Yanapendekeza zoezi lililo kinyume cha lile la Kamina: muziki ubaki, neno libadilike. Faida ya zoezi hilo ni kwamba humlazimisha mtunzi wa Kiswahili kulisikia neno lake silabi kwa silabi. Mwalimu aliyehangaika na mahali pa kuweka la ya atatawala hatautunga wimbo wake mwenyewe kwa uzembe uleule wa jana.

Katika zoezi hilo tungo ndogo za Schütz zinafaa kuliko Haleluya. Maneno yake mengi yametoka katika Zaburi na Injili, ambazo zina tafsiri za Kiswahili zinazojulikana kwa moyo na waumini. Uimbaji wake uko karibu na usemi, kwa hiyo kugawa noti moja kuwa mbili hakuvunji umbo. Tena mtu mmoja mwenye sauti njema na mpigaji mmoja wanatosha kuanza.

8. Hitimisho

Uhakiki wa kwaya unahitaji maswali mengine kuliko lile la idadi. Je, mkazo wa neno umekutana na pigo zito? Je, msikilizaji aliyeko nyuma ya kanisa, asiye na karatasi ya maneno, ameielewa sentensi mara ya kwanza? Je, chombo kimemsikiliza mwimbaji, au mwimbaji amepigana na chombo? Kwaya ya watu mia inaweza kuyajibu vizuri. Ya watu wanane pia. Maswali hayo hayajui utajiri wala umaskini, na hiyo ndiyo sifa ya kwanza ya kipimo cha haki.

Kwa kwaya za Fizi na Baraka jambo hili si la nadharia pekee. Kikundi kinachoamini kwamba kimepungukiwa huimba kikiomba radhi: huongeza kelele, huficha maneno, hungoja siku ambayo waliokwenda ng'ambo ya ziwa watarudi wote ndipo kiimbe sawasawa. Huenda siku hiyo ikafika, na itakapofika wingi utapokelewa kwa furaha, kama alivyoupokea Schütz baada ya mwaka 1648. Hadi hapo waliopo wanatosha kuimba, na mhakiki anawiwa kuwasikiliza kama waimbaji kamili.